Baada ya Kiharusi: Kazi ya Nyumbani na Nafasi ya Parokia



Somo la robo hii linawahusu wagonjwa ambao kamati nyingi zinawafahamu vizuri, ila hazijui ziwafanyie nini zaidi ya kuwatembelea. Hao ni ndugu zetu waliopatwa na kiharusi, wakatoka hospitali, na sasa wako nyumbani wakiwa wamepooza upande mmoja. Tunaandika kwa ajili ya kamati za parokia na vigango. Tunaandika pia kwa ajili ya wafadhili, ambao hutuuliza kwa haki kabisa fedha zao zinasaidia nini kwa mtu ambaye huenda asirudi tena shambani.

Tuanze na jambo ambalo kila mjumbe wa kamati ameliona. Baba wa familia anaanguka asubuhi akielekea zizini. Wiki ya kwanza uwanja umejaa watu. Jumuiya imefika, WAWATA wamefika, kwaya imeimba, na majirani wameleta mikungu ya ndizi. Mwezi wa pili wanakuja wachache. Mwezi wa tatu amebaki mke wake, na pengine mkwe mmoja. Kwa bahati mbaya, mwili wa mgonjwa wa kiharusi hurudisha nguvu kwa kasi kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha polepole hadi mwezi wa sita na hata kuendelea. Msaada wetu hupungua wakati ule ule ambao ungezaa matunda zaidi. Hilo ndilo tunalotaka kulisahihisha kwa somo hili.

Kiharusi ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo, ingawa unaonekana kwenye mkono na mguu. Mshipa wa damu unaolisha ubongo huziba, au hupasuka na kuvuja, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio pia unaoongoza usemi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno.

Katika utafiti uliofanyika wilayani Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, Hai ilipata wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam karibu 316, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Watafiti waliwauliza watu pia wanadhani ugonjwa huu unatoka wapi. Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Wanakamati walijue hili, maana familia inayoamini kwamba mzee amepigwa na jini itatumia fedha zake za mwisho kwa mganga, na presha itabaki palepale.

Presha ya kupanda ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote. Wengi hawaijui kwa sababu haiumi.

Dalili za ghafla ni tatu ambazo hata mtoto wa Kipaimara anaweza kuzikariri: uso kupinda upande mmoja, mkono kushindwa kunyanyuka, na maneno kukorogeka. Ukiziona, tazama saa na umkimbize mgonjwa hospitali. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe aspirini nyumbani, kwani kama mshipa umepasuka mtamwongezea kuvuja damu. Msimpe chakula wala maji njiani, anaweza kupaliwa.

Mgonjwa amerudi nyumbani

Hapa ndipo penye kazi, na tutakaa hapa kidogo.

Tuanze na bega. Mkono uliopooza ni mzito na misuli inayoushika begani imelegea. Tunapomwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huo, au kwa kumshika chini ya makwapa, kiungo cha bega huteguka taratibu. Maumivu yake humfanya akatae mazoezi yote yanayofuata. Kwa hiyo mkono dhaifu hauvutwi kamwe. Akiwa amekaa, ulazwe juu ya mto au kanga iliyokunjwa mapajani. Akiwa amelala na hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na ngozi ya matakoni, visiginoni na kwenye nyonga ikaguliwe kila siku. Kidonda cha mgongoni kinaweza kumwua mtu aliyenusurika kiharusi chenyewe.

Chakula. Koo nalo linaweza kupooza nusu. Mgonjwa akikohoa anapokunywa, au sauti yake ikawa kama ina maji ndani, chakula kinaingia njia ya hewa na nimonia iko karibu. Msimlazimishe, arudishwe hospitali apimwe namna anavyomeza. Ambaye anaweza kumeza akalishwe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki amekaa kwa nusu saa. Maji matupu ni hatari kuliko uji mzito. Huku kwetu mlimani tumebarikiwa, kwa sababu mtori uliopondwa vizuri na kuondolewa mifupa na vipande vya nyama unafaa kabisa. Tatizo ni chumvi. Magadi tunayoweka kwenye kiburu na maharage yana madini yale yale ya chumvi yanayopandisha presha, hata kama mama wa nyumba anaapa kwamba hakutia chumvi.

Wako wagonjwa wanaokula nusu ya sahani na kuacha nusu nyingine, kisha wanalalamika kwamba wamenyimwa nyama. Hawana ubishi. Ubongo wao umeacha kuutambua upande mmoja. Geuza sahani, naye atamaliza. Mtu kama huyo atajigonga mlangoni na hataona jiko la mkaa lililo upande huo, kwa hiyo watoto na moto viangaliwe.

Kukanda kwa maji ya moto ni desturi ya karibu kila nyumba. Hatusemi ni dhambi. Tunasema tu kwamba upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, na mgonjwa anaweza kubabuka bila kusema neno. Anayemkanda apime maji kwa kiwiko chake mwenyewe, na ajue kwamba kukanda hakuchukui nafasi ya mazoezi. Kuchanjwa chale ni jambo jingine. Hilo tunalikataa wazi.

Mazoezi yenyewe yaonyeshwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yaani fiziotherapia, kisha yafanywe nyumbani kila siku. Yasianze kwa pupa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Hali yake ikishatulia, kinachosaidia ni kurudia vitendo vya kweli vya maisha: kuinuka kutoka kitini mara kumi, kushika kikombe, kumenya ndizi kwa mikono yote miwili hata kama mmoja unashikilia tu. Fundi wa kijijini anaweza kuchimbia miti miwili sambamba, urefu wa kiuno, mgonjwa atembee katikati akishika. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu dhaifu hutangulia kushuka.

Choo tusikionee haya. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ndicho kinachomfanya baba wa watu ajisaidie kitandani na kupoteza heshima yake mbele ya wakwe. Kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kikiwekwa juu ya shimo, pamoja na mti wa kushika ukutani, vinamrudishia heshima hiyo. Ni kazi ya siku moja ya seremala.

Maneno na machozi

Mgonjwa asiyeweza kusema si lazima awe amepoteza akili. Mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kujibu, na anasikia tunavyomjadili mbele yake kama mtoto. Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana. Mpeni muda. Asemeshwe na mtu mmoja kwa wakati, redio ikiwa imezimwa.

Hapa jumuiya ina kipawa ambacho hospitali haina. Maneno tuliyoyakariri tangu utoto, na nyimbo hasa, mara nyingi hubaki hata usemi wa kawaida unapopotea. Mtu asiyeweza kutamka jina la mkewe anaweza kuitikia Baba Yetu au kuimba wimbo wa kwaya beti nzima. Wanakwaya wasiimbe tu kwa ajili yake. Waimbe polepole, wamwachie neno la mwisho wa mstari, na wasubiri.

Wengine hulia au hucheka bila sababu. Familia hudhani anawadhihaki, kumbe ni ubongo ulioumia. Lakini yako pia majonzi ya kweli. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na mwenye sonona hafanyi mazoezi, hali, wala hatumii dawa. Tusimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Apelekwe kwa daktari kama tungempeleka mwenye malaria, na padre amletee Ekaristi mara kwa mara, maana kukosa Misa ni sehemu ya huzuni yake.

Dawa isiyo na mwisho wa dozi

Tumezoea dozi. Tunameza vidonge vya malaria siku tatu tunapona, vikiisha tumemaliza. Dawa ya presha si ya aina hiyo. Huzuia tu maadamu inamezwa, na ikiachwa presha hupanda tena. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2001, uliohusisha zaidi ya watu 6,000 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita, ulionyesha kwamba kushusha presha kwa dawa kulipunguza kiharusi kingine kwa asilimia 28. Kiharusi cha pili ndicho kinachomlaza kabisa mtu aliyekuwa ameanza kutembea kwa fimbo.

Viongozi wa sala wanaowaambia wagonjwa watupe dawa kwa sababu wameshaombewa wanachukua mzigo mzito mbele za Mungu. Tunaombea wagonjwa, na tunawapimia presha siku hiyo hiyo.

Neno kwa wafadhili na kamati

Mfadhili hupenda kununua kiti cha magurudumu, nasi huwa tunakipokea kwa shukrani. Lakini kwenye vihamba vyetu vyenye miteremko na mawe, kiti kingi huishia kuwa kibanda cha kuku. Tena mgonjwa aliyewekwa kitini mapema mno huacha kujaribu kusimama. Kamati iende duka la dawa, iulize bei ya vidonge vya presha vya mwezi, izidishe kwa 12, kisha ilinganishe na bei ya kiti kimoja. Baada ya hesabu hiyo tujadiliane tena. Orodha yetu ya kwanza haina mvuto kwenye picha: mashine ya kupimia presha kwa kila kigango, nauli ya kliniki, mbao za kiti cha choo, na posho ya usafiri ya mtaalamu wa mazoezi.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Nchini India hospitali 14 zilijaribu kuwafundisha ndugu wa wagonjwa 1,250 wafanye mazoezi wenyewe nyumbani. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2017, hayakuonyesha nafuu zaidi kuliko huduma ya kawaida. Kwetu maana yake si kwamba familia haifai. Ni kwamba semina peke yake, halafu familia ikaachwa, haitoshi. Mtaalamu lazima arudi, aone bega, abadilishe zoezi.

Na yuko mtu wa pili katika nyumba hiyo: anayeuguza. Yule aliyepooza katika Injili ya Marko, sura ya 2, alibebwa na watu wanne, naye mke wa mgonjwa wetu anabeba peke yake, usiku, na mgongo wake unaanza kuuma. Tunapendekeza kila jumuiya yenye mgonjwa wa namna hii ichague watu wanne kwa majina, wenye zamu zilizoandikwa, kwa miezi sita na si wiki sita. Mmoja aje asubuhi kwa mazoezi. Mwingine aende kuchukua dawa kabla ya za mwezi kuisha. Mwingine akae na mgonjwa ili mama aende sokoni, kisimani au Misa ya Jumapili. Wa nne apime presha na kuiandika kwenye daftari.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni wangapi katika jumuiya yetu waliopata kiharusi mwaka jana au kabla ya hapo? Nani aliwatembelea mwezi uliopita, na alifanya nini alipofika?

2. Je, wanazo dawa za presha leo nyumbani? Za siku ngapi?

3. Anayewauguza alilala usiku mzima mara ya mwisho lini?

4. Nani kati yetu wenye miaka 40 na zaidi hajawahi kupimwa presha, na atapimwa siku gani?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaletwe kwa maandishi kwa katibu wa kamati ya parokia kabla ya kikao cha robo ijayo, ili mgao wa nauli na dawa upangwe kwa kufuata majina.