Kuchapisha Mahali: Dhana ya Uchapishaji katika Jukwaa la VRChat

Makala haya yanachunguza maana ya kitenzi 'kuchapisha' pale ambapo kinachochapishwa si kitabu bali mahali. Katika majukwaa ya uhalisia pepe watu hukutana wakiwa wamevaa miwani maalumu, au kupitia skrini ya kompyuta, kila mmoja akiwakilishwa na umbo alilojichagulia. Mfano wetu ni VRChat, jukwaa la Marekani lililofunguliwa kwa umma kupitia Steam mnamo Februari 2017, ambamo mahali pengi pa kukutania hubuniwa na watumiaji wenyewe. Kila mahali pa aina hiyo tutapaita ulimwengu, ingawa wingi wa neno hili unasumbua: malimwengu ni mambo ya dunia, nao walimwengu ni wakazi wake.

Mbunifu huanzia katika programu iitwayo Unity. Humo huinua kuta, hupanga taa na kuamua mgeni atatokea wapi anapoingia. Kwa mfumo wa Udon, ulioongezwa mwaka 2020, huamuru mlango ufunguke au ngoma ilie inapoguswa. Mwanafasihi atayatambua hayo kuwa ni mandhari, ila mandhari yasiyo na msimulizi. Kazi ikishapakiwa, bado haijachapishwa. Hubaki ya faragha, ikifikiwa na wale tu ambao mbunifu amewakaribisha. Aidha, si kila mwenye akaunti huruhusiwa kupakia. Aliyejiunga jana hana budi kwanza kushiriki na wenzake hadi apandishwe daraja.

Mbunifu anapoamua kuchapisha, ulimwengu wake hauifikii hadhira yote papo hapo. Huingia kwanza katika sehemu iitwayo Community Labs, yaani maabara ya jamii, ambako huonekana na wale waliokubali kuonyeshwa kazi ambazo hazijapimwa. Mtu mmoja huruhusiwa kuwasilisha humo ulimwengu mmoja tu kwa juma. Mfumo huangalia jinsi wageni wanavyoupokea. Ukipata mapokezi ya kutosha, hutoka maabara na kuwa wa umma. Hakuna mhariri anayeandika barua ya kuukubali au kuukataa mswada. Kwa hiyo utaratibu huu unakaribiana zaidi na fasihi simulizi kuliko andishi: fanani hujulikana kuwa fanani kwa sababu hadhira imekaa kumsikiliza.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mpaka. Ngano huendelea kutambwa baada ya fanani kufariki, na kitabu hubaki maktabani hata mchapishaji akifunga ofisi. Ulimwengu pepe huishi katika kompyuta za kampuni. Jukwaa la AltspaceVR, lililonunuliwa na Microsoft mwaka 2017, lilifungwa tarehe 10 Machi 2023. Aliyekuwa amehifadhi faili zake alibaki na vifaa vya ujenzi. Mahali penyewe, pamoja na mazoea ya waliokuwa wakikutana hapo, palitoweka. Mozilla nayo ilifunga huduma yake ya Hubs tarehe 31 Mei 2024, lakini kwa kuwa msimbo wa Hubs ulikuwa wazi kwa yeyote, wenye ujuzi waliweza kuuendesha katika kompyuta zao wenyewe. Kwa mtazamo wa makala haya, ni katika hali hii ya pili tu ambapo neno 'kuchapisha' linatumika kwa maana yake kamili, kwani nakala inaweza kuishi nje ya mikono ya aliyeitoa.