Umeme wa Mashua na Maradhi Yake

Mashua ya matanga husukumwa na upepo, na kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba haina haja ya umeme. Zamani ndivyo ilivyokuwa: taa zake zilikuwa za mafuta, na maji ya ngama yalifuliwa kwa upo. Siku hizi mashua nyingi zina taa za umeme, pampu ya kutolea maji, na redio ya kuitia msaada. Vyote hivyo hutegemea betri, nayo betri hujazwa na alteneta, yaani mtambo mdogo uzungushwao na injini kwa mkanda. Mashua nyingine hujaziwa betri na paneli za jua.

Betri ya kawaida ni ya risasi na tindikali. Mfaransa aitwaye Gaston Planté ndiye aliyeibuni, mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja chenye nguvu ya volti 2 na kidogo, hata betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.2, nusu yake imekwisha tumika. Ikishuka hadi 11.8, ni tupu. Haifai kuipima mara tu baada ya kujazwa, maana hapo huonyesha nguvu isiyo nayo. (Betri za lithiamu zina hesabu nyingine, wala hazihusiki na somo hili.)

Chukua mfano wa mashua iliyotoka Tanga usiku kwenda Wete, katika kisiwa cha Pemba. Katikati ya safari taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia zikafifia kama makaa yanayozimika, na pampu ikaanza kuguna, kisha ikanyamaza. Mlango ule wa bahari hupitwa na meli kubwa ziendazo bandarini, na meli kubwa haiwezi kukwepa kitu isichokiona. Nahodha akawasha kandili na kuipandisha mlingotini. Mabaharia wakafua maji kwa ndoo mpaka alfajiri, wakafika salama, lakini wamechoka sana.

Asubuhi fundi akaitwa. Nahodha akamwambia, “Betri imekufa, fundi. Hii ni ya pili. Ya kwanza haikutimiza miezi minne. Nipe ya tatu nisafiri.”

Fundi akajibu, “Nahodha, mtu akifiwa na mbuzi wawili kwa ugonjwa mmoja, hununua wa tatu kabla ya kutazama zizi?”

Kwanza fundi alikataza watu wote kuvuta sigara karibu, kwa kuwa betri inapojazwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Akavua pete yake, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri huwaka kwa ghafula na kuunguza kidole. Akaubonyeza mkanda wa alteneta, akaona umekaza vema, wala hapakuwa na vumbi jeusi, ambalo ni dalili ya mkanda unaoteleza. Ndipo akaagiza injini iwashwe.

Akapima penye alteneta, mita ikaonyesha volti 14.2. Hiyo ni nguvu itakiwayo, basi alteneta haikuwa na kosa. Akapima juu ya vichwa vya betri yenyewe, akapata 13.0 tu. Je, volti 1.2 zilipotelea wapi? Umeme hufanana na maji yapitayo katika mfereji: yakiingia mengi na kutoka machache, mfereji umeziba au umetoboka mahali. Fundi akaweka ncha moja ya mita penye alteneta na ncha ya pili penye kichwa cha chanya cha betri. Kama njia ingalikuwa safi, mita ingalionyesha karibu na sufuri. Ilionyesha 1.2. Upande wa hasi hapakuwa na upungufu.

Basi akaifuata waya ya chanya, kiungo baada ya kiungo. Swichi ilikuwa nzima. Fyuzi kadhalika. Lakini kiungo kimoja karibu na betri kilikuwa cha moto hata mkono haukuweza kukaa juu yake. Injini ikazimwa; fundi akafungua kwanza kichwa cha hasi, kisha akakata ganda la waya. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, kwa sababu ya hewa ya chumvi iliyopenya muda mrefu. Kwa nje waya ilionekana mpya kabisa.

Kwa njia nyembamba namna ile betri haikupata kujaa hata siku moja. Nayo betri ya risasi ikikaa nusu tupu majuma mengi, hufanya chembe ngumu juu ya mabamba yake, na mabamba hayo hayapokei umeme tena. Ndicho kilichoiua betri ya kwanza.

Fundi akatia waya mpya ya shaba iliyopakwa bati, akakaza kiungo na kukifunika kisiingie unyevu. Injini ilipowashwa, mita ikaonyesha 14.1 penye betri. Baharia mmoja akaona maji ndani ya vyumba vya betri yamepungua, akataka kuongeza kwa maji ya bahari. Fundi akamshika mkono, kwa kuwa chumvi ikikutana na umeme na tindikali hutoa klorini, hewa yenye sumu. Hutiwa maji yatokanayo na mvuke uliopozwa, basi.

Betri ikajazwa mchana kutwa, kisha ikaachwa bila kutumiwa. Asubuhi ya pili mita ikaonyesha 12.1. Ilikuwa imekwisha haribika, kama ile ya kwanza, na nahodha alilazimika kulipa fedha ya betri ya tatu. Alinung’unika sana alipokuwa akihesabu noti zake, ila safari hii alimwomba fundi amwonyeshe namna ya kushika mita.