Raba za toleo maalumu: namna ya kuagiza mtandaoni ukiwa Arusha

Raba ya toleo maalumu ni kiatu kilichotengenezwa kwa idadi ndogo kwa makusudi. Kampuni inatangaza siku na saa, watu wanakaa na simu mkononi, na kwa dakika chache mzigo wote umekwisha. Kijana wa Chicago akibahatika, kiatu kinamfuata mlangoni. Wewe wa Sakina, Kijenge au Usa River ukibahatika, kazi ndiyo kwanza inaanza: kuna usafiri, kuna forodha, na njiani kuna wajanja. Ukizijua hatua zake mapema utaagiza bila presha, au utaamua kuachana nayo kabla hela haijatoka.

Uchache huo si hadithi ya wauzaji. Septemba 2023 adidas walitangaza kiatu cha mbio kiitwacho Adizero Adios Pro Evo 1, pea 521 tu kwa kuanzia, kila moja dola 500. Siku chache baadaye Tigist Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin akamaliza marathoni kwa saa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati ule. Pea 521 haziwatoshi hata washiriki wa mbio moja ya mtaani. Viatu vya mitindo, kama matoleo ya Air Jordan ambayo yalianza 1985, hutoka vingi kuliko hivyo, lakini wanaovitaka nao ni wengi zaidi.

Zinauzwaje? Njia kubwa ni programu za simu za kampuni zenyewe: SNKRS ya Nike na Confirmed ya adidas. Mara nyingi hakuna kuwahi, kuna droo. Unaingiza jina, saizi na kadi yako ndani ya dakika chache zilizowekwa, kisha mashine inachagua. Ukishinda unakatwa, ukikosa hukatwi kitu. Furaha ya kuona umepata ni kubwa kweli, na wanaoshiriki watakuambia kwamba kukosa ndiyo hali ya kawaida. Sababu moja ni walanguzi wanaotumia programu za kompyuta kujaza maombi mengi kwa mpigo, ili wauze baadaye kwa bei ya juu.

Saa nazo zina mtego. Mauzo yakitangazwa saa 4 asubuhi ya New York, kwetu ni saa 11 jioni katika miezi ya kiangazi chao na saa 12 jioni katika miezi ya baridi. Saa 2 asubuhi ya London ni saa 4 asubuhi yetu wakati wa kiangazi chao, na saa 5 wakati wa baridi.

Sasa, je, unaweza kushiriki ukiwa hapa? Moja kwa moja, hapana. SNKRS haiuzi Tanzania. Zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni ndugu au rafiki anayeishi Ulaya, Marekani au Dubai, anayenunua kwa jina lake na kukutumia. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, mradi mmekubaliana mapema nani analipa nini. Ya pili ni wakala wa mizigo, yaani kampuni inayokupa anwani ya nje, inapokea kifurushi chako na kukileta nchini. Tahadhari yake ni kwamba maduka mengi yakigundua anwani ni ya wakala hufuta oda, na fedha huchukua siku kadhaa kurudi. Ya tatu ni masoko ya kuuziana kama StockX la Detroit, ambako muuzaji na mnunuzi wanapatana bei, kisha kiatu kinapitia kwa wakaguzi kabla ya kutumwa kwako. Bei huko ni ya soko: kiatu kinachogombewa kinaweza kuuzwa mara mbili au tatu ya bei ya dukani. Kabla ya kulipa, andika anwani yako uone kama wanatuma Tanzania na kwa gharama gani.

Kabla ya malipo, pima mguu. Simama juu ya karatasi jioni, wakati mguu umetanuka, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, upime kwa sentimeta. Namba pekee zitakupoteza. Namba 42 ya Ulaya kwa Nike ya wanaume ni 7.5 ya Uingereza, kwa adidas ni 8. Saizi za Marekani za wanawake na wanaume nazo haziko sawa. Sentimeta hazibadiliki, na Nike huziandika kwenye lebo ya ndani ya kiatu. Ukikosea, kurudisha kiatu nje ya nchi kunaweza kula nusu ya thamani yake.

Malipo yanahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki yako huenda inafaa, ila kadi nyingi huja zimefungwa kwa ununuzi wa mtandaoni. Ingia kwenye programu ya benki au nenda tawini uombe ifunguliwe, na uulize kikomo cha siku. Asiye na akaunti ya benki anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, ambayo ina namba kama kadi halisi lakini haishikiki mkononi. Weka humo kiasi unachohitaji tu. Wakati wa kulipa utatumiwa ujumbe wenye namba ya uthibitisho. Kaa penye mtandao mzuri, kwa sababu ujumbe ukichelewa na droo nayo imefungwa. Kumbuka pia benki ina bei yake ya kubadilisha shilingi kuwa dola, na si ile unayoiona kwenye taarifa ya habari.

Fomu ikikudai msimbo wa posta, usijaze sufuri. Kila kata nchini ina msimbo wake, na ya Mkoa wa Arusha huanza na 23. Wa kwako utaupata posta au ofisi ya kata. Weka namba ya simu inayoanza na 255, maana kifurushi kikifika ni simu itakayokutafuta, si jina la mtaa.

Hapa kwenye kodi ndipo wengi huumia, kwa hiyo tupige hesabu pole pole. Kwa kawaida ushuru wa forodha hautozwi kwa bei ya kiatu peke yake, bali kwa bei pamoja na usafiri na bima. Chukua kiatu cha dola 150 na usafiri wa dola 50, bima ikiwa humo humo: thamani ni dola 200. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25, yaani dola 50. Kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18 ya ile 200 pamoja na ushuru wake. Asilimia 18 ya 250 ni dola 45. Jumla dola 295. Kwa mfano wa dola moja kwa shilingi 2,500, kiatu ulichokiona kwenye simu kwa 375,000 kimekufikia kwa 737,500, na bado hujalipa tozo ndogo kama ya reli na ya uchakataji wa forodha, wala ada ya kampuni iliyokusafirishia. Tena, tangu Julai 2022 kuna daraja la asilimia 35 kwa bidhaa teule, zikiwamo za ngozi, kwa hiyo uliza kiatu chako kinaangukia wapi. Simu ya bure ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ni 0800 780 078.

Kuna wauzaji watakaojitolea kuandika bei ndogo kwenye ankara, au kuandika kwamba ni zawadi. Kataa. Afisa wa forodha ana mamlaka ya kukadiria thamani upya, na mzigo ukipotea bima italipa kile kilichoandikwa.

Vifurushi vya kampuni kubwa za usafirishaji hukufikia Arusha mjini, na kampuni yenyewe hukutolea forodha kisha ikakudai. Vya posta unavifuata posta, uende na kitambulisho. Mawakala wa mizigo wengi huishia Dar es Salaam, na kutoka hapo kifurushi hupanda basi. Dai risiti ya basi yenye jina lako na namba ya mzigo. Kwa kukadiria gharama ya usafiri, hesabu pea moja ndani ya boksi lake kuwa kama kilo moja na nusu.

Wengine hukimbilia Nairobi kupitia Namanga. Si vibaya, kuna maduka mazuri. Lakini usidanganywe kwamba ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, wenye kikomo cha dola 2,000, utakufaa. Huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na raba iliyoshonwa Vietnam haiwi ya Kenya kwa kupita Nairobi. Itangaze mpakani uulize unachodaiwa.

Vipi wale wa Instagram wanaosema mzigo umeshafika? Wapo waaminifu, na huokoa usumbufu wote huu. Uliza duka liko wapi, uende mchana, uvae kiatu, ulipe, upewe risiti ya mashine ya EFD. Akisema yuko mkoani na anataka nusu kwanza, omba picha fupi ya video ya kiatu akitamka jina lako na tarehe ya leo. Lipa kwa Lipa Namba, ambayo hukuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha, si kwa namba binafsi inayobadilika kila wiki. Akitaja bei kwa dola, jua kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa kuuzwa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Ukipigwa, tunza meseji zote, ripoti polisi, piga simu kwa mtandao wako wa simu mara moja ili muamala uzuiwe kama bado haujatolewa, na namba ya tapeli itume kwenda 15040 ya TCRA.

Feki hutambulikaje? Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye lebo ya ulimi wa kiatu na ile ya boksi. Kwa Nike mara nyingi ni herufi na tarakimu, jumla yake sita, kistari, kisha tarakimu tatu. Itafute mtandaoni uone kama inaleta kiatu kile kile na rangi ile ile. Zisipolingana, achana nacho. Zikilingana bado si ushahidi, kwa sababu wanaoghushi hunakili hata lebo. Angalia mshono, harufu kali ya gundi, na kama kiatu cha kushoto na cha kulia ni pacha kweli. Bei ikiwa robo ya bei ya dukani kwa toleo linalogombewa, jibu umeshalipata. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama hesabu yote hii imekuchosha, nenda Krokoni au Kilombero asubuhi belo zinapofunguliwa. Katika viatu vya mtumba hutokea matoleo ambayo huko yalikotoka watu walipanga foleni kuyapata, na hapa bei yake ni makumi ya maelfu, ya kupatana. Ila kagua soli. Aina nyingi za povu la soli za zamani huliwa taratibu na unyevu wa hewani hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, na siku ya kwanza ukitembea nacho kinameguka. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba, kisha kunja kiatu katikati. Kikitoa ufa au unga, mrudishie muuzaji kwa adabu, umwombe akuonyeshe pea nyingine.