Miezi Kumi na Minane: Maswali na Majibu kwa Mhitimu Anayebaki Ujerumani

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekaribia kumaliza shahada katika chuo cha Ujerumani na anataka kupata kazi hukohuko. Yasome kabla hujaanza kuandika tasnifu. Ukiyasoma baada ya kuikabidhi, yatakufaa pia, ila utakuwa unakimbia. Yamepangwa jinsi yanavyomjia mtu usiku akikosa usingizi, na si kwa mpangilio wa vifungu vya sheria.

Swali la 1. Nikimaliza masomo, je, natakiwa kufunga mizigo?

Hapana. Kibali chako cha mwanafunzi, cha kifungu cha 16b cha Sheria ya Ukaaji, ulipewa ili usome. Ukishafaulu, sababu yake imekwisha. Kinachofuata ni kibali cha kutafuta kazi, chini ya kifungu cha 20, nacho ni cha hadi miezi 18. Kabla ya Agosti 2012 mhitimu alipewa mwaka mmoja tu. Jambo la kukariri: miezi hiyo ikiisha, haiongezwi.

Swali la 2. Saa inaanza kuhesabu lini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wamezoea nyumbani kwamba mtu hajahitimu mpaka avae joho, apigwe picha na shangazi aliyetoka kijijini, na mbuzi achinjwe. Chuo cha Ujerumani kinaweza kukutumia cheti kwa posta, na sherehe ikawa glasi ya juisi ukumbini. Muda kwa kawaida huhesabiwa tangu masomo yalipokamilika kwa kufaulu, yaani tokeo la mwisho linapothibitishwa.

Chukua mfano. Matokeo yako yamethibitishwa mwishoni mwa Machi, cheti kimefika Juni, ukapumzika hadi mwisho wa Agosti. Miezi mitano imeshakwenda kabla hujaandika barua hata moja ya maombi. Umebaki na 13.

Swali la 3. Kibali hicho kinaombwa wapi, na kwa nyaraka gani?

Ofisi ya wageni ya mji unaoishi, ile inayoitwa Ausländerbehörde. Utahitaji pasipoti iliyo hai, uthibitisho kwamba umehitimu, bima ya afya, na ushahidi kwamba una fedha za kujikimu. Omba kabla kibali cha sasa hakijaisha, hata kama nafasi ya kuonana na ofisa ni ya miezi mitatu mbele. Ukiomba kwa wakati, sheria inahesabu kwamba haki yako ya kukaa inaendelea mpaka uamuzi utoke, na ofisi hukupa karatasi ya kuthibitisha hilo. Jina lake ni Fiktionsbescheinigung. Jifunze kulitamka, mwajiri atauliza.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya pasipoti yako. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Berlin, lakini kitabu kipya hakipatikani kwa siku moja, na aliye Munich au Stuttgart atahesabu na nauli. Foleni hizi mbili zipange kwa pamoja.

Swali la 4. Ndani ya miezi hiyo 18, naruhusiwa kufanya kazi gani?

Yoyote, na saa bila kikomo cha kibali. Ulipokuwa mwanafunzi ulibanwa: siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku (kabla ya Machi 2024 zilikuwa 120 na 240). Sasa mlango uko wazi. Unaweza kubeba maboksi ghalani, kuosha vyombo hotelini, kuendesha baiskeli ya chakula.

Na hapo ndipo pana mtego. Boksi hulipa mwezi huuhuu. Kazi ya taaluma hulipa baada ya barua 60 na usaili sita. Mtu anaanza na zamu tatu kwa wiki ili alipe kodi ya nyumba, zinakuwa tano, anatuma hela nyumbani, nyumbani wanashukuru na kuongeza mahitaji. Mwezi wa 15 anashtuka. Sisemi boksi ni aibu, maana limesomesha wadogo zetu wengi. Nasema boksi halikupi kibali kinachofuata. Ukilazimika, chagua zamu inayokuachia asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa za ofisi na simu za waajiri.

Swali la 5. Basi ni kazi gani inayonibakisha?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kibali cha mfanyakazi mwenye shahada, kifungu cha 18b. Tangu mageuzi ya Novemba 2023, kazi inatakiwa iwe ya kitaaluma, lakini si lazima ilingane na somo ulilosomea. Aliyesoma jiografia anaweza kuajiriwa kupanga usafirishaji wa mizigo. Udaktari, sheria na fani nyingine zenye leseni zina masharti yake.

Ya pili ni Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya. Hii inataka kazi inayolingana na elimu yako na mshahara usiopungua kiwango kinachotangazwa kila mwaka. Kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 48,300 kabla ya makato. Kwa fani zenye uhaba, na kwa aliyepata shahada ndani ya miaka mitatu iliyopita, kilishuka hadi euro 43,759.80. Mhitimu mpya akikumbuke hicho cha chini kwenye meza ya mazungumzo. Aliyekubali euro 42,000 mwaka huo kwa haya ya kuomba zaidi, alijifungia mwenyewe mlango kwa tofauti ya euro chini ya 150 kwa mwezi.

Swali la 6. Nimesoma kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kijerumani ni lazima?

Kwa kibali cha kutafuta kazi, hapana. Kwa kazi yenyewe, mara nyingi ndiyo, na hili ndilo swali lenye alama nyingi kuliko yote. Chuo kilikuuzia kozi ya uzamili kwa Kiingereza, nawe ukadhani nchi nzima inaongea hivyo. Kampuni chache za programu za kompyuta Berlin zitakuvumilia. Kiwanda cha vipuri katika mji wa watu 20,000, ambako kazi za uhandisi zimejaa, hakitaweza: fundi wa zamu ya usiku anaripoti hitilafu kwa lahaja ya kwao, na wewe ndiye unayetakiwa kumwelewa.

Lenga ngazi ya B2. Anza muhula wa kwanza, maana B2 haipatikani kwa miezi sita ukiwa unaandika tasnifu. Tuna hata mtaji mdogo: neno letu shule lilitoka kwa Wajerumani, likabaki baada ya wao kuondoka.

Kisha kuna Kijerumani cha makaratasi, ambacho hata mwenye B2 kinampiga chenga. Ukimaliza mafunzo kazini, mwajiri hukupa cheti cha utumishi. Sheria inataka kisimharibie mtu njia, kwa hiyo lugha yake imegeuka fumbo. Wakiandika kwamba siku zote ulitimiza kazi “zu unserer vollsten Zufriedenheit”, yaani kwa ridhaa yetu iliyojaa kupita kiasi, hiyo ni daraja la kwanza. Wakiandika tu “zu unserer Zufriedenheit”, kwa ridhaa yetu, macho yako yanasoma pongezi, lakini ofisa ajira anasoma kwamba ulipita kwa shida. Kabla hujakipokea, mpe Mjerumani unayemwamini akisome. Una haki ya kuomba kirekebishwe.

Swali la 7. Bima ya afya inabadilika?

Ndiyo. Bei ya mwanafunzi inaisha na usajili wa chuo, na ya hiari ni ghali zaidi. Iweke kwenye bajeti.

Swali la 8. Si nilisikia Kenya imepewa nafasi 250,000 za kazi?

Mkataba upo, ulitiwa saini Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwapo. Idadi hiyo haimo, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani iliikanusha. Anayekutoza ada ili akuwekee jina kwenye orodha, hana orodha.

Swali la 9. Nikipata kazi, makazi ya kudumu ni lini?

Mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kuyaomba baada ya miaka miwili ya kazi ya kitaaluma, akiwa na miezi 24 ya michango ya pensheni na Kijerumani cha B1. Mwenye Kadi ya Buluu ni miezi 27, au 21 akifika B1.

Uraia ni suala jingine. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja, na Kenya inaruhusu tangu Katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Wakenya na Watanzania waliokaa darasa moja hujibu swali hili tofauti, na Mtanzania anajibu akifikiria kiwanja cha baba.

Swali la 10. Na nikiamua kurudi nyumbani, nilichokatwa kimepotea?

Si lazima. Pensheni hukatwa asilimia 18.6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri, na hata kibarua cha mwanafunzi huweza kuwa kimekatwa. Ukiwa umechangia chini ya miezi 60, ukahama Umoja wa Ulaya, unaweza kudai kurudishiwa sehemu yako baada ya miezi 24. Ya mwajiri inabaki kwenye mfuko wa pensheni. Ukifikisha miezi 60 hurudishiwi, ila utalipwa pensheni ukizeeka, hata ukiwa Tanga.

Dai hilo linataka namba yako ya bima ya jamii, ile iliyokuja kwa barua ulipoanza kibarua cha kwanza na ukaitia kwenye droo. Itafute leo. Siku ya safari iweke kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti.