Kisukari na Chungu cha Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha mtu aliyeambiwa ana kisukari cha aina ya pili, na ni cha yule anayempikia. Kimewahusu pia wale ambao sukari yao imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa, maana hao ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuokoka.

Kijiko cha chai na bonge la ugali

Mtu akirudi kutoka kliniki na habari kwamba ana sukari, kitu cha kwanza kuondolewa mezani huwa ni kopo la sukari. Chai inanyweka kwa shida wiki ya kwanza, kisha anazoea. Ni hatua nzuri, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kijiko cha chai kina sukari ya gramu 4 hivi. Saa saba mchana mtu huyohuyo anawekewa ugali uliosongwa kwa robo kilo ya unga. Unga wa mahindi, uwe sembe au dona, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na wanga ukishameng'enywa unageuka glukosi, ileile inayopimwa kidoleni. Kwa hiyo ugali ule umempa gramu 180 na zaidi. Kijiko alichojinyima asubuhi hakionekani hata kidogo katika hesabu hiyo.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi na haikupoteza kiini cha mahindi. Ulezi na mtama ni vizuri pia. Lakini wapo wanaohamia ugali wa ulezi, wakala mkubwa kuliko ule wa zamani kwa kuwa wameambiwa ni "wa wagonjwa wa sukari", halafu wakashangaa vipimo haviteremki. Asali nayo ina sifa isiyoistahili: inapandisha sukari.

Kinachotokea mwilini

Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha misuli na mafuta kuchukua glukosi kutoka kwenye damu na kuliambia ini lipunguze kuitengeneza. Katika kisukari cha aina ya pili viungo hivyo vinakuwa sugu: insulini ipo, lakini haisikilizwi vizuri. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, miaka kadhaa, hadi linachoka. Mafuta yanayojaa ndani ya tumbo na kwenye ini ndiyo yanayochochea usugu huo, ndiyo maana mtu mwembamba wa mikono na miguu lakini mwenye kitambi hayuko salama. Chukua kamba, pima urefu wako, ikunje mara mbili, uizungushe kiunoni. Isipofika, una sababu ya kwenda kupima.

Kisukari cha aina ya kwanza ni jambo jingine. Huko kongosho halitoi insulini, na hakuna chakula wala mazoezi yanayoweza kuchukua nafasi ya sindano. Asiache mtu yeyote mtoto wake akae siku bila insulini kwa sababu ya kusikia habari za lishe.

Namna ya kupakua

Tumia sahani ya kawaida, si ya wageni. Nusu yake iwe mboga za majani au mboga nyingine zisizo na wanga mwingi: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, bilinganya, kachumbari. Robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, viazi, muhogo au ndizi, na ukubwa wa ngumi yako mwenyewe ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kimoja kati ya hivyo, si wali na chapati na viazi kwa pamoja kama tunavyofanya sikukuu.

Mpishi ajiandae kwa hilo la mboga, maana ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Fungu la mchicha likiwa bichi linajaza beseni. Likiiva linabaki kiganja. Familia ya watu watano iliyozoea mafungu mawili itahitaji manne au matano ili nusu sahani ijae. Gharama inaongezeka upande huo, lakini unga unapungua, na mafuta yasiongezwe kufuata mboga.

Wanaokula kwa sinia moja wana tatizo la pekee, kwani hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mgonjwa apakuliwe kwanza, akae na wenzake palepale. Hatushauri apikiwe chungu chake. Chakula hiki kinamfaa kila aliyemo ndani, na mtoto wa mgonjwa wa kisukari yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto wa jirani. Kumpikia baba peke yake ni kumtenga, na kwa kawaida haidumu mwezi.

Vinywaji

Hapa hatuna maneno mengi: anza na kuacha soda. Geuza chupa usome kibandiko. Soda nyingi za kola zina sukari ya gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ina vijiko vya chai kama 13. Juisi ya miwa na ya embe zisionewe huruma kwa kuwa ni za asili. Embe lenyewe, kipande, linakubalika. Maembe matatu yaliyosagwa kwenye glasi moja ni habari nyingine.

Mwili unaotembea

Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata kama insulini haisikilizwi vizuri, na ndiyo faida ya kutembea dakika 10 au 15 baada ya chakula badala ya kujilaza. Lengo la wiki ni dakika 150 za mwendo unaokufanya upumue kwa kasi. Mkulima mwenye jembe anazipata bila kuhesabu. Dereva wa bodaboda na mama anayeuza nguo sokoni hurudi nyumbani wamechoka sana, lakini wameshinda wamekaa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopunguza uzito kidogo, kwa lengo la asilimia 7, na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Dawa ina kazi yake, na aliyeandikiwa aimeze, lakini katika utafiti huo kidonge hakikufikia matokeo hayo ya kwanza.

Kufunga

Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, dozi zipangwe upya. Kupima kidole hakubatilishi funga. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6 mmol/L, afungulie hapohapo. Futari ya tambi tamu, kaimati, muhogo wa nazi na uji wenye sukari, vyote kwa mkupuo, hupandisha sukari vibaya kuliko siku ya kawaida.

Sukari ikishuka

Wanaotumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kama glibenklamidi, wako kwenye hatari hii hasa wanapopunguza chakula bila kumwambia daktari. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mwahishe hospitali.

Siku ya kliniki

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L katika vipimo viwili vya siku tofauti, hicho ni kisukari, hata kama hujisikii chochote. Omba upimwe pia presha, mkojo na macho, na uvue viatu ili miguu ikaguliwe. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na unga wa mlonge au mizizi uliyopewa na jirani. Usimfiche daktari kwa kuogopa kugombezwa. Baadhi ya mitishamba hushusha sukari kweli, na ikikutana na dozi yako ya hospitali inaweza kukuangusha usiku.