Maji ya Kuoshea Mboga

Katika nchi ya Shinyanga mvua ni haba, na wakati wa kiangazi mito mingi hukauka, hata watu hufukua mchanga ili wapate maji. Wengine huchota katika malambo wanamokunywa ng'ombe. Mwaka 2009 yalizinduliwa mabomba yaletayo maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, katika Mkoa wa Mwanza, mpaka miji ya Kahama na Shinyanga. Lakini si kila kijiji kilichofikiwa.

Kwa sababu hiyo mwenye kuosha mboga huyabana maji. Hutia nyanya zote katika beseni moja, huzisugua, huzitoa, kisha huosha fungu la pili kwa maji yale yale. Macho huona kwamba vumbi limeondoka, na moyo huridhika. Kumbe uko uchafu usioonekana. Vijidudu vya chooni au vya samadi vikiwa juu ya nyanya moja huingia majini, na maji huzigawia nyanya zote. Hivyo huweza kuenea kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

Wala maji maangavu si lazima yawe salama. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Wengi walichota katika pampu iliyosifiwa kwa maji yake mazuri. Tabibu John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, akaona ya kuwa waliokufa wengi waliyanywa maji hayo. Akawashauri wakuu wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa pampu. Baadaye ilijulikana kwamba uchafu wa shimo lililokuwa karibu ulipenya kisimani.

Basi, mtu ajuaye kuosha mboga huanza kwa kunawa mikono kwa sabuni. Huondoa sehemu zilizooza. Maji yake ni ya bomba salama, au yamechemshwa na kupozwa katika chombo chenye kifuniko. Hachovyi mboga ndani ya beseni, bali huyamimina maji kwa kata kidogo kidogo, huku akisugua kwa vidole, ili yaliyochafuka yaanguke yasirudi. Mboga yenyewe haipaki sabuni, maana sabuni huweza kupenya ndani yake. Kisha huikata kwa kisu safi, juu ya ubao usiokatiwa nyama mbichi.

Hata hivyo kuosha hupunguza vijidudu tu. Moto ndio uviuao. Kwa hiyo maji safi yakiwa machache, hutengwa kwanza kwa vyakula viliwavyo vibichi, kama nyanya na matango. Mchicha huoshwa udongo, kisha hupikwa mpaka uive.

Upande wa Geita iko hatari nyingine. Wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu na Rwamagasa, hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, na mabaki yake huweza kuingia katika vidimbwi vya kuoshea mchanga. Vijidudu hufa maji yachemkapo, lakini kuchemsha hakuyatakasi maji yenye zebaki. Maji ya vidimbwi hivyo hayafai kuoshea chakula kamwe, hata yakiwa karibu na nyumba na kisima kikiwa mbali.

Maswali
1. Kwa nini nyanya moja chafu huweza kuchafua nyanya zote za beseni?
2. Wakuu wa mtaa wa London walifanya nini mwaka 1854, na kwa sababu gani?
3. Eleza tofauti ya vijidudu na zebaki maji yanapochemshwa.