MWENDELEZO KATIKA FILAMU: KIKOMBE CHA CHAI HAKIJAI TENA CHENYEWE
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika makala haya ninakusudia kueleza jambo moja ambalo wengi wetu tunaotamani kutengeneza filamu hulipuuza, nalo ni mwendelezo. Tangu tamasha za kitaifa za drama zifungulie filamu mlango, wanachama hawachoki kuuliza swali lile lile: sisi wa shule ya kutwa, tusio na kamera ya maana wala chumba cha uhariri, tutaweza kweli? Jibu langu ni kwamba kamera si tatizo. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha safi kuliko kamera nyingi za video walizotumia wazazi wetu kwenye harusi. Kinachotuangusha ni kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Filamu haipigwi mfululizo kama mchezo wa jukwaani. Hupigwa vipande vipande, tena si kwa utaratibu wa hadithi. Onyesho la dakika mbili laweza kuwa na vipande ishirini, cha kwanza kikapigwa Jumamosi hii na cha pili Jumamosi ya mwezi ujao. Lakini mtazamaji anaketi pale aone kitu kimoja, kilichotokea mara moja, mahali pamoja. Kazi ya kuvishikanisha vipande hivyo mpaka asione mshono ndiyo mwendelezo.

Huenda ukasema, aa, hayo ni mambo madogo. Basi sikiza. Nilitazama filamu fupi ya shule moja, jina nitalimeza. Ilihusu msichana aliyefukuzwa kwa sababu ya karo, akarudi nyumbani na kumkuta mamake mgonjwa taabani. Yule msichana aliigiza vizuri ajabu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Akafika mlangoni amevaa sweta ya shule. Mkato. Sasa yuko ndani, amepiga magoti kando ya kitanda, hana sweta, na nywele zimesukwa upya mistari! Mtu fulani huko nyuma akasema, "Kumbe alipitia saluni kwanza." Watu wakaangua kicheko, na filamu ile haikuinuka tena. Machozi ya msichana yule yalikuwa ya kweli, na yalipotea bure kwa kosa lisilokuwa lake.

Usidhani watu walizaliwa wakijua haya. Mwaka 1903 Mmarekani Edwin S. Porter alitengeneza filamu iitwayo Life of an American Fireman. Mwishoni mzimamoto anamwokoa mama na mtoto kutoka nyumba inayoungua. Porter alituonyesha uokoaji wote kutoka ndani ya chumba, mpaka mwisho. Halafu akauonyesha tena, tangu mwanzo, kutoka nje! Yaani mama yule anaokolewa mara mbili. Leo tungekata: ndani kidogo, nje kidogo, ndani tena. Baadaye nakala moja ya filamu hiyo ilihaririwa upya kwa mtindo huo wa kisasa, na kwa miaka mingi wanahistoria wakadhani ni Porter mwenyewe aliyefanya hivyo. Wataalamu wenyewe walidanganywa na mkato.

Kwa nini akili zetu hukubali? Huko Urusi, miaka ya karibu na 1920, mwelekezi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha chochote, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza. Uso ulikuwa ule ule. Lakini inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: ona anavyoona njaa, ona anavyohuzunika! Wao ndio waliojaza. Kwa hivyo mtazamaji ni msaidizi wako, tena hataki malipo. Anaunganisha vipande mwenyewe, ilimradi usimwamshe.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kanuni ninayoiona kubwa kuliko zote ni ile ya mstari. Chukua mama na binti wameketi mezani wakitazamana. Piga mstari akilini kutoka pua ya mama hadi pua ya binti. Kamera ichague upande mmoja wa mstari huo na ikae huko. Ukimpiga mama peke yake, anatazama kulia. Ukimpiga binti peke yake, anatazama kushoto. Ukiviunganisha vipande hivyo, wanazungumza. Hebu sasa uruke mstari, uende upande wa pili kumpiga binti: naye atatazama kulia. Wote wawili wanatazama upande mmoja, kama abiria ndani ya matatu, na mtazamaji hajui nani anaongea na nani.

Kama hii inakusumbua, fikiria mpira wa runinga. Gor Mahia wakicheza na AFC Leopards, kamera kuu zote ziko upande mmoja wa uwanja. Gor wakianza kushambulia kuelekea kulia, wataelekea kulia mpaka mapumziko. Kamera ingeruka kwenda ng'ambo ya pili katikati ya shambulizi, ungeona kama wanakimbilia lango lao wenyewe! Mstari pale ni ule wa kutoka lango hadi lango. Ni kanuni ile ile, na kila shabiki anaijua bila kufundishwa.

Mstari hauvukwi? Unavukwa, lakini kwa heshima. Unaweza kutembeza kamera huku mtazamaji akiona inavuka, au mhusika mwenyewe ainuke ahame kiti, au uweke katikati kipande kilichopigwa juu ya mstari wenyewe, mtu akitazama moja kwa moja mbele. Na anayetembea pia ana mstari wake. Akitoka upande wa kulia wa picha, picha inayofuata aingilie kushoto. La sivyo tutadhani amesahau kitu nyumbani anarudi.

Kanuni ya pili ni kukata wakati mwili unasonga. Baba anaketi kitini. Piga kitendo chote kutoka mbali: anasimama, anapinda magoti, anaketi. Kisha piga kitendo chote tena kutoka karibu. Wakati wa uhariri, kata pale magoti yanapopinda. Jicho linafuata mwendo na halina nafasi ya kuuona mkato. Lakini hapo mwigizaji ana deni: afanye vile vile mara zote mbili. Kama aliinua kikombe kwa mkono wa kulia akitamka neno "karo", basi ni mkono wa kulia na neno "karo" hata mkirudia mara kumi. Na kikombe kijazwe tena kufikia pale pale kilipokuwa. Ndiyo maana waigizaji wazoefu wakipewa onyesho la kula hula kidogo sana. Aliyeimaliza mandazi mara ya kwanza atapewa nyingine, na nyingine, mpaka ajute.

Tena usiunganishe vipande viwili vinavyofanana sana. Kama umempiga mtu kutoka mbele, kipande kinachofuata sogeza kamera angalau digrii 30, au mkaribie kwa kiasi kinachoonekana. Ukisogea kidogo tu, mhusika ataruka kama panzi kwenye skrini.

Haya yote nani atayakumbuka? Si mwelekezi, ana mengi kichwani. Katika filamu kubwa kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, mwangalizi wa mwendelezo. Mimi naona huyu ndiye mtu wa kwanza kuteuliwa katika shule ya kutwa, hata kabla ya mwigizaji mkuu. Shule za bweni zinaweza kupiga filamu siku mbili mfululizo, sisi tuna Jumamosi na zile saa mbili za jioni, kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Vipande vyetu vimetengana sana, kwa hivyo nyuzi zetu lazima ziwe imara zaidi. Mpeni kazi hiyo yule mwanafunzi anayemkumbusha mwalimu kwamba hajasahihisha kazi ya ziada. Mnamjua. Siku hiyo macho yake yatakuwa baraka. Apewe daftari na simu, na kabla mtu hajavua nguo ya kuigizia apigwe picha mbele, nyuma na kando. Aandike: sweta imefungwa vifungo vingapi, mkoba uko bega gani, mlango uko wazi au umefungwa, saa ya ukutani inasema nini. Hiyo saa ya ukutani, ushauri wangu, iondoeni kabisa.

Jua nalo halingoji mtu. Huku kwetu likianza kushuka linashuka upesi, na vivuli vya saa kumi si vya saa kumi na moja na nusu. Pigeni kwanza vipande vyote vinavyotazama upande mmoja, halafu mgeuze kamera mara moja tu. Sauti vilevile: kabla ya kuondoka rekodini nusu dakika ya ukimya wa mahali pale, maana ukimya wa jikoni si ukimya wa darasani. Ukitandazwa chini ya vipande vyote, honi ya matatu haitakatika ghafla katikati ya sentensi.

Kuna wanaopinga. Watakuambia Mfaransa Jean-Luc Godard aliruka-ruka makusudi katika filamu yake À bout de souffle ya 1960, na akasifiwa. Kweli. Watakuambia pia kwamba mhariri Walter Murch, katika kitabu chake kuhusu uhariri, aliupa mwendelezo wa mahali asilimia 4 pekee, huku hisia akizipa 51 na hadithi 23. Hiyo pia ni kweli, naye alimaanisha kwamba ukilazimika kupoteza kitu, usipoteze hisia. Nakubaliana naye. Lakini yule msichana wa sweta hisia alikuwa nazo zote, na asilimia 4 ndizo zilizomwangusha. Na Godard alijua mstari uko wapi kabla hajauruka. Mwanachama anayesema "tulikusudia" baada ya watu kucheka, huyo mwacheni.

Zoezi la mkutano ujao: wanafunzi wawili, meza, kikombe kimoja cha chai. Mmoja anaomba pesa za karo, mwingine hana. Vipande sita tu, vitatu vipigwe leo na vitatu wiki ijayo, kwa simu yoyote. Mtakapovionyesha, sisi wengine tutaketi kimya na kalamu mkononi, na kila atakayeona mshono atauandika.